Kipofu na Kiziwi Mbele ya Mganga



Siku moja niliitwa lopitali kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu. Mgonjwa alikuwa mama mmoja, kiziwi tangu kuzaliwa, mkaaji wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Alikuwa amepasuliwa tumbo, na kidonda kilikuwa kikipona vizuri. Ndugu yake ndiye aliyeniita, kwa moyo mwema. Nilifika na stola na mafuta, nikazungumza na yule ndugu, nikasali, nikampaka mama mafuta katika paji la uso na mikononi, kama inavyotakiwa. Hapo akaanza kulia na kutetemeka. Tulifikiri ni maumivu ya kidonda. Infirmiye akaitwa, akampiga sindano ya kumtuliza.

Siku ya tatu alikuja binti mmoja, jirani yao, aliyesoma pamoja na viziwi na kujua kusema kwa mikono. Ndipo tukapata habari yote. Mama huyu alikuwa ameona mara mbili padri akileta mafuta kitandani: mara ya kwanza kwa baba yake, mara ya pili kwa mume wake, na wote wawili walizikwa kabla ya juma kwisha. Aliponiona mimi, alijua kwamba waganga wamekata tamaa. Siku tatu nzima alikuwa akingoja kufa. Tena aliwaona ndugu zake wakila na kucheka kando ya kitanda chake, akashangaa ginsi mioyo yao ilivyo migumu.

Nimeanza na kosa langu mwenyewe, kusudi mtu asifikiri kwamba nimeshika kalamu ili kuwashitaki waganga na mainfirmiye tu. Sakramenti ilikuwa halali, sala zilikuwa sahihi. Lakini mgonjwa hakuambiwa neno hata moja. Tusiseme kwamba alikosa akili. Aliona vizuri, akakumbuka vizuri, akahesabu vizuri, akafika kwenye uwongo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpa neno la kweli. Ndivyo ilivyo kwa viziwi wengi, na kwa ginsi nyingine kwa vipofu vilevile: si uhaba wa akili unaowapoteza mbele ya ugonjwa, ni kwamba maneno juu ya mwili wao hupita pembeni yao na kwenda kwa mtu mwingine.

Kiziwi anajifunza wapi?

Tujiulize kwanza sisi tunaosikia. Nani alitufundisha kwamba mtoto anayeharisha yafaa apewe maji mengi? Nani alituambia kwamba mbu ndiye anayeleta malaria? Wachache tu walijifunza hayo shuleni. Wengine tuliyaokota njiani: mama akizungumza na jirani kwenye kisima, redio ikisema katika duka, mzee akisimulia habari karibu na moto, katekista akitangaza siku ya chanjo baada ya Misa. Hatukukaa kujifunza, tulisikia tu, na kwa miaka mingi masikio yalijaza ghala.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi ghala lake halijazwi hivyo. Kila jambo analolijua, ama ameliona kwa macho yake, ama mtu ameketi mbele yake na kumweleza kwa kusudi. Na watu wa kuketi hivyo ni wachache. Basi anakusanya yale anayoyaona. Anaona jirani akipelekwa lopitali juu ya toleka, kiisha anaona sanduku likirudi. Anaona hivyo mara tatu, mara ine. Akikataa kwenda lopitali siku ya kuumwa, ndugu watasema: Huyu ni mkaidi. Kumbe amefanya hesabu. Hajui kwamba wale wengine walifika wakiwa wamekwisha kuchelewa, kwa maana jambo hilo halionekani kwa macho, linasimuliwa tu.

Mwaka 2021 homa ya uti wa mgongo, inayoitwa kwa Kifaransa meningite, ilishika watu wa Banalia, kaskazini ya mji wetu. Siku serikali ilipoitangaza, katika mwezi wa Septemba, walikuwa wamekwisha kuhesabiwa watu 261 waliodhaniwa kuwa nayo, na katika hao 129 wamekufa. Tunajua habari za namna hiyo zinavyokwenda katika inchi yetu: kwa redio, kwa megafoni, kwa simu, kwa kinywa cha chifu na cha katekista. Zote ni njia za masikio. Kiziwi huona watu wanakimbia, huona makaburi mapya, huona watu wa chanjo wameshuka na masanduku yao, na lazima abahatishe mwenyewe kama sindano ile ndiyo inayoua au ndiyo inayookoa.

Tena ugonjwa huo wenyewe huzaa viziwi. Katika watu watano wanaopona meningite, mmoja hivi hubaki na kilema cha kudumu, na uziwi ni kimojawapo. Mtoto alikuwa akisema vizuri. Anatoka kitandani, hajibu akiitwa. Wazazi hufikiri ni kiburi, au uloji. Yafaa katekista ajue jambo hili, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye mtu wa kwanza anayeulizwa, na mtoto kama huyo asipotafutiwa mapema njia nyingine ya kusema, hata maneno aliyokuwa nayo yatapotea.

Kuna neno jingine ambalo yafaa tulikubali kwa haki. Wazee husema mara kwa mara: Dawa ya lopitali ndiyo iliyomziba masikio. Tusicheke upesi. Kinini cha malaria huleta kelele masikioni, na kwa kawaida kelele hiyo hupita. Lakini streptomisini, kanamisini na jentamisini, dawa zinazookoa watu wengi, zaweza kweli kuharibu masikio kabisa, hasa zikipigwa kwa siku nyingi au kwa kipimo kisichofaa. Kiziwi wa namna hii anamwogopa mganga, na woga wake una sababu. Njia ya kumrudisha ni kumwambia ukweli.

Kuitika kwa kichwa

Watu wengi wanafikiri kwamba kiziwi anasoma midomo, na kwamba ikishindikana, tutamwandikia. Ni kweli kwa wengine. Lakini midomo haionyeshi maneno yote, na mganga anayesema huku akiandika, uso umeinama, hasomeki. Katika mwaka 2020, wakati wa Covid, kila mtu alifunika kinywa, na viziwi waliotegemea midomo walipoteza kwa siku moja kile kidogo walichokuwa nacho. Na kuandika? Karatasi ya lopitali huandikwa Kifaransa. Kiziwi ambaye hakuona shule haisomi; na yule aliyeona shule, mara nyingi Kifaransa kwake ni luga ya tatu, isiyo na sauti.

Luga yao ya kweli ni ishara. Eklezya haikosi sehemu yake katika habari hii: Padri Mfaransa Charles-Michel de l'Épée (1712-1789) alifungua shule ya viziwi mjini Paris, na alikubali kwanza kujifunza ishara kwa viziwi wenyewe kabla ya kuwafundisha. Afrika, aliyefanya kazi kubwa kupita wote ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi, Mprotestanti, kiziwi yeye mwenyewe. Alifungua shule yake ya kwanza Ghana katika mwaka 1957, kiisha akaendelea katika inchi nyingi, hata Congo yetu, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege kule Rwanda mwaka 1987. Ndiyo maana ishara za shule zetu za viziwi zina asili ya Amerika. Lakini kiziwi wa kijijini, ambaye hakufika shuleni, ana ishara za nyumbani tu, zile alizozitunga pamoja na mama yake na wadogo zake. Mfasiri wa mjini akimjia na ishara za shule, ni kama kumsemesha Kilatini.

Sasa neno la kazi, nalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kiziwi anapoulizwa: Umeelewa? ataitika kwa kichwa. Ataitika kwa adabu, ataitika kwa haya, ataitika kwa sababu ameona kwamba watu wakiona kichwa kinaitika wanafurahi na kumwacha. Infirmiye anaandika: Mgonjwa ameelezwa. Hakuelezwa. Basi usimwulize kama ameelewa, mwombe akuonyeshe. Weka vidonge mbele yake, mwonyeshe jua linapotoka, jua la katikati, jua linapozama, kiisha umpe yeye agawanye. Akigawanya vizuri, ameelewa. Nimeona mama kiziwi akimeza vidonge vya siku tano jioni moja, kwa maana aliona infirmiye amempa vyote pamoja katika mkono mmoja. Mungu alisaidia, alitapika.

Kipofu na mto

Juu ya vipofu tuna habari ya kwetu, kwa sababu katika inchi za mito yenye maji ya kasi, na Tshopo ni mojawapo, upofu mwingine unatoka mtoni. Vinzi vidogo vyeusi vinavyozaana katika maji yanayoporomoka vinauma watu na kupandikiza mdudu katika ngozi. Mdudu mkubwa anakaa ndani ya uvimbe chini ya ngozi. Watoto wake, wadogo wasioonekana kwa macho, wanatembea mwilini, wanaleta kuwashwa usiku na mchana, na wakifika machoni kwa miaka mingi wanayaua. Mganga Mbelgiji Jean Hissette ndiye aliyeonyesha jambo hilo katika Congo, alipowapima watu wa kando ya mto Sankuru, katika Kasai. Wakaaji wenyewe walijua zamani kwamba vijiji vya karibu na maporomoko vina vipofu wengi. Wengine walisema ni mizimu ya maji. Walikuwa wameona vizuri mahali ugonjwa unapotoka. Walichokosa ni jina la anayeuleta.

Tangu mwaka 1987 kiwanda cha Merck kinatoa bure dawa inayoitwa Mectizan. Inagawanywa mara moja kwa mwaka, na mgawaji anapima urefu wa mtu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge. Haimwui mdudu mkubwa. Inawaua watoto wake na kumzuia asizae kwa muda. Kwa hiyo lazima irudiwe mwaka baada ya mwaka.

Na hapa ndipo kipofu anapokosea, tena anakosea kwa akili njema. Wagawaji wakimfikia, mzee anasema: Wanangu, macho yangu yamekwisha kufa, dawa ya nini? Wapeni vijana. Ameambiwa kwamba ni dawa ya macho, na yeye macho hana. Ni kweli kwamba Mectizan hairudishi macho yaliyokufa, na anayemwahidi hivyo anamdanganya. Lakini wadudu bado wamo katika ngozi yake, bado wanamwasha, na kila kinzi kinachomuma kinachukua kitu cha kumpelekea mjukuu wake anayemwongoza. Nimeona mzee akibadili shauri mara moja aliposikia neno hilo la mjukuu. Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia.

Niongeze onyo kwa makatekista wanaosaidia wagawaji. Katika misitu yetu kuna pia mdudu mwingine, yule anayeonekana akipita juu ya jicho, anayeitwa Loa loa. Mtu aliye na wengi wa hao katika damu anaweza kuugua sana akimeza Mectizan, hata kuzimia na kufa. Tena haipewi mama mwenye mimba, wala mtoto mdogo, wala mgonjwa mahututi. Kwa hiyo mtu asiiweke kabatini mwa misioni na kuigawa kwa huruma yake mwenyewe. Lazima kufuata watu wa afya.

Lopitali gizani

Kipofu anasikia, basi twafikiri kwamba kwake mambo ni rahisi. Lakini tufikiri juu ya siku yake katika lopitali. Mkono unamshika bila neno. Pamba baridi, kiisha sindano, bila neno. Sahani inawekwa mezani na mletaji anaondoka. Jioni wanaandika kwamba mgonjwa hataki kula. Choo kiko nje, njia ina maji, na hana mtu wa kumwongoza usiku; basi anaacha kunywa maji kusudi asiende choo, na homa inazidi. Mganga anamwuliza mtu aliyemleta: Anaumwa wapi? Yeye yupo, anasikia, kinywa anacho.

Kipofu anajua mwili wake kwa njia ambazo sisi tumezisahau. Anajua kidonda kimeoza kwa harufu kabla ya mwenye macho kuona usaha. Anajua mtoto ana homa kwa kumgusa shingoni. Vidonge anavitambua kwa kidole, ukubwa na umbo na mkato wa katikati. Hatari inakuja siku farmasi inapobadili kiwanda, na dawa mbili zikawa na umbo moja. Tangu sheria ya mwaka 2004, katika inchi za Umoja wa Ulaya jina la dawa linachapwa juu ya sanduku kwa nukta za Braille. Kwetu tunaweza kufanya kwa uzi: fundo moja juu ya mfuko wa asubuhi, mafundo mawili juu ya ule wa jioni. Haidai franka hata moja, inadai tu mtu akae dakika tano na mgonjwa na kumpa mfuko mkononi.

Siri ya mgonjwa

Nafika sasa kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Kipofu anasomewa karatasi yake na mjukuu wa miaka kumi. Kiziwi anafasiriwa na mama mkwe. Matokeo ya damu, mimba, ugonjwa wa sehemu za siri, virusi vya Sida: yote yanapita katika kinywa cha mtu wa jamaa, na jioni mtaa mzima wa Mangobo unajua. Kwa hiyo viziwi wengi wanachagua kutokwenda. Si kwamba hawajui thamani ya dawa. Wanajua thamani ya siri. Tena watu wengi wanafikiri kwamba kiziwi au kipofu hana habari za ndoa, basi hawafundishi juu ya Sida. Na waovu wanajua kwamba binti kiziwi hatapiga kelele ya kueleweka. Mapadri wanaosikia maungamo wanajua ninalosema.

Eklezya ilikwisha kufikiri juu ya jambo hili zamani. Kanoni 990 inampa ruhusa mtu kuungama kwa njia ya mfasiri, na kanoni 983 inamfunga mfasiri huyo kwa siri. Sheria ya mwaka 1917 ilikuwa imekwisha kusema vilevile katika kanoni 889. Ikiwa tunamfunga hivyo mfasiri wa dhambi, mbona tunamwacha huru mfasiri wa ugonjwa? Katekista au seminari anayefasiri lopitali yafaa aambiwe wazi mbele ya mgonjwa, kwa maneno au kwa ishara ya kufunga kinywa, kwamba lililosemwa humo linabaki humo. Na mgonjwa ndiye anayechagua mfasiri, si jamaa. Kuna pia sheria ya inchi yetu, ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Wengi wa mainfirmiye niliowauliza hawajaiona, na nakiri kwamba mimi mwenyewe niliisoma kwa kuchelewa.

Labda mtu atauliza: Padri, haya ni mambo ya serikali, sisi kazi yetu ni Injili. Basi tufungue Injili. Kwa Marko, sura ya 7, wanamletea Bwana kiziwi. Hasemi naye kwanza kwa maneno. Anamtenga na kundi la watu, anatia vidole masikioni mwake, anamgusa ulimi, anatazama juu mbinguni: ishara ambazo kiziwi anaweza kuziona na kuzisikia mwilini. Kipofu wa Betsaida, katika sura ya 8, anashikwa mkono na Bwana mwenyewe, na baadaye anaulizwa kama anaona kitu; anajibu kwamba si vizuri bado, na Bwana anamwekea mikono tena. Bartimayo, ambaye kila mtu aliona shida yake, bado aliulizwa anataka nini. Na katika Yohane, sura ya 9, Mafarizayo wanawauliza wazazi wa kipofu, na wazazi, ingawa kwa woga, wanatoa jibu ambalo lingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila lopitali: ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Sura hiyohiyo Bwana anakataa kwamba upofu ni malipo ya dhambi ya mtu au ya wazazi wake. Hata hivyo bado tunasikia mahubiri ambamo kipofu ni mfano wa mkosefu, na kiziwi mfano wa mwenye moyo mgumu, huku kipofu wa parokia ameketi katika ubao wa tatu akisikiliza. Kisha tunashangaa jamaa wakimpeleka kwa mfumu au katika chumba cha maombi kufungwa kwa kamba, badala ya kumpeleka kwa mganga wa macho, ambapo mtoto wa jicho angeweza kuondolewa kwa operesheni fupi.

Kuna pia wale waliopoteza vyote viwili, macho na masikio. Ni wachache, na tunawafikiri wamekufa kabla ya kifo. Cyril Axelrod, Mredemptoristi wa Afrika ya Kusini, alizaliwa kiziwi katika mwaka 1942, akawekwa padri mwaka 1970, kiisha macho nayo yakazimika pole pole. Aliendelea na utume wake, watu wakisema naye kwa kugusa mkono wake. Ninamtaja kwa ajili ya waseminari wanaoniambia kwamba hawana wakati wa kujifunza ishara.

Katika parokia tulianza na daftari. Kila katekista wa mtaa aliandika viziwi na vipofu wake, na kando ya kila jina: anasema kwa njia gani, nani anamtumainia kumfasiria, nani hamtaki. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyojaa upesi. Waseminari wawili walikwenda kila Jumamosi kwa binti yule wa Lubunga kujifunza ishara za ugonjwa kwanza: maumivu, damu, homa, kutapika, tangu siku ngapi, utapona. Mimi nina picha tatu ndani ya kitabu changu cha ibada, za mgonjwa anayepakwa mafuta, mgonjwa anayeketi, mgonjwa anayetembea, na ninazionyesha kabla sijavaa stola.

Mama yule alipona, akarudi nyumbani. Baada ya miezi mingi, ndugu yake alishikwa na malaria kali, na ni yeye mama aliyevuka mto kuja kuniita. Alisimama mlangoni, akanionyesha paji la uso na mikono, kusudi nijue anataka mafuta. Kiisha, kabla sijainuka, akatikisa kidole mbele ya uso wangu na kunionyesha kwa ishara, mara mbili, kwamba mgonjwa hafi.